Kadi Iliyoingia Bila Kulalamika: Uchambuzi wa Kisa cha Sensa ya Nyaya Mbili

Kisa hiki ni cha laini ya kufungashia bidhaa, mwishoni kabisa mwa mashine, pale boksi lililokwisha kufungwa linaposukumwa pembeni na silinda ya hewa ili liingie kwenye konveya ya pili. Silinda ina sensa mbili za ukaribu. Moja inathibitisha kwamba mkono umerudi nyuma kabisa, nyingine kwamba umefika mbele. PLC, yaani kompyuta ya kiwandani inayoongoza mashine, inazisoma zote mbili, na haifungui kizuizi cha boksi linalofuata mpaka sensa ya nyuma iseme kwamba mkono umerudi nyumbani.

Malalamiko ya waendeshaji yalikuwa haya: mara nyingine kizuizi kinafunguka mkono ukiwa bado umenyooka mbele. Boksi linaugonga, linapasuka, laini inasimama. Mwanzoni mwa zamu mambo huwa shwari. Mashine ikishapata moto ndipo vurugu inapoanza, na hata hapo haina mpangilio: inaweza kutokea mara tatu mfululizo, kisha itulie kwa muda mrefu.

Niseme mapema kwamba usalama wa watu haukuguswa. Milango ya kinga na vitufe vya dharura kwenye mashine ile vimepitishwa kwenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya usalama inayojitegemea, nje ya programu. Kama vingepitia kadi ya viingizo, ile inayopokea ishara za sensa kwa niaba ya PLC na ambayo ndiyo kiini cha kisa hiki, laini ingepaswa kuzimwa siku ileile na mjadala ungekuwa mwingine kabisa.

Kabla ya tatizo kuanza, kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilishwa. Kadi ya viingizo ya zamani ilikufa, na mtengenezaji alikuwa ameacha kuitengeneza. Katalogi yake ilitaja mbadala: kadi ya toleo jipya, raki (fremu ya kuchomekea kadi) ileile, viingizo 16 vilevile vya volti 24 za mkondo mnyoofu. Fundi wa zamu akachomoa kiunganishi cha mbele pamoja na nyaya zake zote, akatoa kadi iliyokufa, akaingiza mpya, akarudisha kiunganishi, akakaza skrubu. Kichakataji cha PLC kikaitambua, taa ya kijani ikawaka, laini ikaendelea. Hakuna waya hata mmoja uliofunguliwa, na programu haikuguswa kabisa.

Kazi ile ilifanywa vizuri, na ndiyo faida yenyewe ambayo mifumo hii iliundwa kuileta. Mwaka 1968, kitengo cha Hydra-Matic cha General Motors kiliandika mahitaji ya kifaa cha kuondoa makabati ya rilei kwenye utengenezaji wa giaboksi. Kilitaka kifaa kinachoweza kuprogramiwa upya palepale kiwandani, na kinachotengenezeka kwa kuchomoa kipande kibovu na kuchomeka kizima. Kundi la Dick Morley katika kampuni ya Bedford Associates, huko Massachusetts, lilijibu kwa mashine iliyoitwa Modicon 084. Raki yoyote ya leo yenye kadi zinazochomekwa inafuata njia hiyo, na sitaki mtu amalize kusoma kisa hiki akidhani ninapinga moduli, yaani vipande hivyo vya kuchomoa na kuchomeka. Ninachopinga ni dhana iliyojengeka juu yake, kwamba kadi ikiingia kwenye nafasi, ikatambuliwa na ikawasha taa ya kijani, basi ni sawa na iliyotoka.

Dawa ya kwanza, na kwa nini haikuponya

Hatua ya kwanza iliyochukuliwa ilikuwa kwenye programu. Mtu aliyetazama skrini ya kompyuta aliona kiingizo cha sensa ya nyuma kikipepesa: sifuri (imezima), moja (imewaka), sifuri, wakati mkono uko mbele. Akahitimisha kwamba ni kelele za umeme, akaweka taima, yaani kipima muda. Ishara ikawa haiaminiwi mpaka idumu milisekunde 50. Ajali zikapungua kidogo. Akapandisha hadi 200. Zikapungua tena, lakini hazikuisha, na sasa kila boksi lilikuwa likisubiri moja ya tano ya sekunde bila sababu. Kwenye laini inayopitisha maelfu ya maboksi kwa zamu, huo ni uzalishaji unaopotea kimyakimya.

Kupepesa kulikuwa na madhara makubwa kiasi kile kwa sababu ya jinsi PLC inavyofanya kazi. Husoma viingizo vyote kwa pamoja, hupitisha programu kutoka juu hadi chini, huandika vitoleo (amri zinazokwenda kwenye mashine), kisha huanza upya. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde chache tu. Programu ya mashine hii imeandikwa kwa hatua: hatua ya kusukuma, hatua ya kurudi, hatua ya kufungua kizuizi. Ili itoke hatua moja kwenda nyingine, sharti linahitaji kuwa kweli katika mzunguko mmoja tu. Kiingizo kikidanganya kwa kitambo kifupi kuliko jicho linavyoweza kuona, hatua inapita, kizuizi kinafunguka, na hakuna kinachoirudisha nyuma.

Taima inatibu kelele, kwa maana kelele ni miiba mifupi inayotokana na mota, kontakta au nyaya za nguvu zilizolazwa pamoja na nyaya za ishara. Haitibu volti ambayo imetulia mahali pabaya. Na hapa hakuna mtu aliyekuwa amepima volti.

Mita kwenye terminali

Tulianza na terminali ya kiingizo chenyewe, ncha moja ya mita kwenye terminali na nyingine kwenye hasi ya kadi, mkono ukiwa umesukumwa mbele na kushikiliwa hapo. Katika hali hiyo sensa ya nyuma haioni kitu. Mtu angetarajia sifuri, au karibu na sifuri. Mita ilisoma volti 7 na ushei. Mashine ilipokuwa imefanya kazi kwa muda mrefu, usomaji ulikuwa umepanda hadi karibu volti 9, na taa ndogo ya kiingizo kile ilikuwa inacheza.

Taa hiyo inahitaji tahadhari. Kwenye kadi nyingi haiwashwi na volti ya waya, huwashwa na upande wa ndani, baada ya kadi kuamua kama ishara ni moja au sifuri. Inakuonyesha uamuzi, haikuonyeshi ushahidi. Fundi anayeitegemea taa peke yake ataona sifuri safi kabisa kwenye kiingizo chenye volti 7, na ataondoka akiwa ameridhika.

Kisha tukafungua waya wa sensa kwenye terminali. Volti ikaanguka hadi sifuri, kwa hiyo kadi haikuwa ikizalisha chochote yenyewe. Tukaurudisha waya na kwenda kuuondoa upande wa pili, kwenye sensa, ili kebo nzima ibaki ikining'inia bila sensa. Sifuri tena. Kebo nayo haikuwa ikiokota umeme kutoka kwa majirani zake. Ikabaki sensa yenyewe. Tulipoweka mita ya miliampia katikati ya njia yake, ilikuwa inapitisha miliampia 1.2 wakati inasema imezima.

Jaribio la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linatumia umoduli wenyewe kama chombo cha uchunguzi. Kwenye raki ileile kulikuwa na kadi nyingine ya toleo la zamani, yenye kiingizo kimoja kisichotumika. Tukauhamishia waya wa sensa huko. Sensa ileile, kebo ileile, ugavi uleule wa umeme: mita ikasoma volti 4. Tukaurudisha kwenye kadi mpya, 7. Baada ya hapo hapakuwa tena na ubishi kuhusu mahali pa kutazama.

Sensa inayovuja kwa haki yake

Sensa haikuwa mbovu, na hili ndilo linalowapotosha wengi, maana silika ya kwanza ukiona umeme unapita kwenye swichi iliyozimwa ni kuitupa swichi.

Sensa ya ukaribu yenye nyaya tatu hupata chakula chake kwenye waya wa chanya na wa hasi, na hutoa jibu kwenye waya wa tatu. Sensa ya nyaya mbili haina waya wa tatu. Imekaa katikati ya njia, kati ya chanya na kiingizo, na saketi yake ya ndani lazima iishi kwa umeme unaopita humohumo. Ikizima kabisa, inakufa njaa na haitaweza kuona chuma kikija. Kwa hiyo hata katika hali ya kuzima huruhusu mkondo mdogo upite. Kiwango cha kimataifa cha swichi za aina hii, IEC 60947-5-2, kinaruhusu hadi miliampia 1.5 kwa sensa za mkondo mnyoofu. Sensa yetu yenye 1.2 ilikuwa ndani ya sheria, na hata ilipopata moto na mkondo ukapanda kidogo, haikuvuka.

Mkondo huo ukifika kwenye kadi hupita kwenye ukinzani wa kiingizo na kuacha volti. Hapa ndipo kadi mbili zinapoachana. Kadi ya zamani, kwa karatasi yake ya vipimo, ilivuta takriban miliampia 7 kwenye volti 24, yaani ukinzani wa karibu omu 3,300. Miliampia 1.2 zikipita hapo zinaacha volti 4. Kadi mpya ilivuta miliampia 4 tu, yaani omu 6,000. Mkondo uleule unaacha volti 7.2, na ukipanda hadi 1.5 unaacha 9. Kiingizo halisi si ukinzani mtupu, kina vijenzi vingine ndani, lakini hesabu hii ya mstari mmoja ililingana na mita kwa karibu sana.

Mtengenezaji alikuwa na sababu nzuri ya kupunguza mkondo. Viingizo 16 vya miliampia 7 vikiwaka vyote vinameza zaidi ya wati 2.5, na joto hilo lote hubaki ndani ya kasha jembamba la plastiki. Kadi ya miliampia 4 ni baridi zaidi. Kwa sensa za nyaya tatu au swichi za kawaida za kugusa, mabadiliko hayo hayana athari yoyote. Laini nzima ilikuwa na sensa za namna hiyo, isipokuwa kwenye silinda chache.

Volti zisizo na mwenyewe

Sasa tuangalie kiwango cha PLC chenyewe, IEC 61131-2, ambacho kila fundi wa paneli anapaswa kukijua angalau katika ukurasa wa viingizo. Kinagawa viingizo vya volti 24 katika aina tatu. Kwa Aina ya 1, volti 15 na zaidi lazima isomwe kama moja, na volti 5 kushuka chini lazima isomwe kama sifuri. Kati ya 5 na 15 hakuna ahadi. Kadi inaweza kusema moja, inaweza kusema sifuri, inaweza kubadilisha mawazo joto likibadilika, na bado iwe imetimiza kiwango. Aina ya 3 inaahidi moja kuanzia volti 11, na inavumilia mkondo wa hadi miliampia 1.5 bila kuuhesabu kama ishara. Aina ya 2 inavuta mkondo mkubwa zaidi, angalau miliampia 6 ikiwa imewaka, na ilifikiriwa kwa ajili ya sensa za nyaya mbili hasa.

Kadi mpya ilikuwa Aina ya 1. Iliandikwa hivyo, wazi, kwenye karatasi yake. Karatasi ya kadi ya zamani nayo ilikuwa na mstari unaosema kwamba inaruhusu sensa za nyaya mbili zenye mkondo wa mapumziko, yaani unaopita zikiwa zimezima, wa hadi miliampia 1.5. Mstari huo haukuwepo kwenye karatasi ya kadi mpya. Tofauti yote ya kisa hiki imo kwenye mstari uliokosekana, na ni vigumu sana kuona kitu ambacho hakipo. Katalogi ililinganisha idadi ya viingizo, volti na kiunganishi, ikaishia hapo.

Kulikuwa na hatari ya pili iliyojificha ambayo haikuwa imelipuka bado. Sensa ya nyaya mbili ikiwaka hubakiza volti kwa ajili yake. Kiwango kinairuhusu kubakiza hadi 8. Ugavi ukiwa 24, kiingizo kinapata 16, yaani volti moja tu juu ya kikomo cha 15. Lakini ugavi wa volti 24 unaruhusiwa kushuka hadi 20.4, na hapo kiingizo kinapata 12.4. Kwa Aina ya 3 hiyo ni moja bila shaka. Kwa Aina ya 1 ni eneo lilelile lisilo na mwenyewe. Pia sensa za namna hii zinahitaji mkondo wa chini fulani ili zishike vizuri zikiwa zimewaka, kwa kawaida miliampia 3 hadi 5, na kadi mpya kwa volti 16 ilikuwa inazipa 2.7 tu. Siku moja laini ingeanza kugoma kwa sababu kinyume kabisa: mkono umerudi, sensa inaona, PLC haioni.

Kurekebisha

Njia safi zilikuwa mbili: kubadilisha kadi na kuweka Aina ya 3, au kubadilisha sensa na kuweka za nyaya tatu. Kadi ya Aina ya 3 ya toleo hilo ilikuwepo kwenye katalogi na ikaagizwa. Sensa za nyaya tatu zilikataliwa na kebo: zilizopita kwenye mnyororo wa kubebea kebo wa mashine zilikuwa na nyaya mbili tu ndani, na kuzivuta upya kungesimamisha laini kwa muda ambao hakuna aliyekuwa tayari kuutoa.

Wakati tukisubiri kadi, tuliweka rezista sambamba na kiingizo, kutoka terminali ya kiingizo hadi hasi. Narudia, hadi hasi. Kuna watu huiweka kati ya chanya na kiingizo, yaani sambamba na sensa, na hiyo inaongeza mkondo unaovuja badala ya kuugawa.

Thamani yake inapatikana kwa hesabu. Tunataka mkondo mbaya kuliko wote, miliampia 1.5, usiache zaidi ya volti 5. Ukinzani wa jumla lazima uwe chini ya omu 3,333. Kadi ina 6,000, kwa hiyo rezista sambamba lazima iwe chini ya omu 7,500 hivi. Tulichagua 4,700 ili kuwe na nafasi ya kupumulia: jumla inakuwa kama omu 2,640, na mkondo wa 1.5 unaacha volti 4 tu. Sensa ikiwaka, kadi na rezista kwa pamoja zinavuta miliampia 6 kwenye volti 16, na sensa inapata mkondo wake wa chini. Rezista moja ikaondoa tatizo tuliloliona na nusu ya lile ambalo halijatokea. Kikomo cha volti 15 wakati ugavi unaposhuka hakiwezi kutibiwa na rezista, na ndiyo sababu kadi ya Aina ya 3 bado ilihitajika. Kuhusu joto, volti 28.8, ambayo ndiyo ya juu kabisa ya ugavi, inatoa chini ya wati 0.18 kwenye rezista, hivyo ya nusu wati inatosha. Tulizifunga kwenye terminali maalumu zenye nafasi ya kijenzi, zikawekewa lebo na kuchorwa kwenye mchoro wa paneli. Rezista iliyosokotwa kwenye skrubu bila mchoro itaondolewa na fundi mwangalifu wa kesho anayedhani ni uchafu.

Baada ya hapo mita ilisoma volti 3.2 mkono ukiwa mbele, mashine ikiwa baridi.

Tulikagua sensa nyingine zote za nyaya mbili kwenye kadi ile. Hakuna iliyokuwa imeleta malalamiko, lakini kila moja ilikuwa imekaa kati ya volti 6 na 8. Zilikuwa zinasomwa sifuri kwa bahati ya kadi, na zote zikapata rezista.

Kwenye programu tulifanya mambo mawili. La kwanza ni kuondoa taima ya milisekunde 200. Boksi likarudi kupita kwa mwendo wake wa awali. La pili naliona kuwa la thamani zaidi kuliko rezista yenyewe: mstari unaosema kwamba sensa ya mbele na ya nyuma zikiwaka kwa pamoja, mzunguko unasimama na skrini inataja sensa zote mbili kwa jina. Mkono mmoja hauwezi kuwa sehemu mbili. Programu ilikuwa na taarifa zote za kugundua uongo ule tangu boksi la kwanza lililopasuka, ila haikuwa imeulizwa.

Kwenye stoo, kadi zilizobaki za Aina ya 1 zilitenganishwa na za zamani na kubandikwa karatasi inayotaja raki na nafasi zinakoruhusiwa kuingia. Orodha ya spea sasa ina safu tatu ambazo hazikuwepo: aina ya kiingizo kwa IEC 61131-2, mkondo kwa volti 24, na muda wa kichujio cha kiingizo, yaani muda ambao ishara lazima idumu ndipo kadi iikubali. Safu ya tatu iliongezwa kwa sababu kadi mpya ina kichujio kinachopangwa kwa programu, tofauti na ya zamani iliyokuwa na muda mmoja usiobadilika, na kwenye raki ya jirani kuna sensa inayohesabu mapigo ya gurudumu. Hapo kichujio kirefu mno kingemeza mapigo bila kuwasha kengele yoyote. Nafasi hiyo bado ina kadi ya zamani, na mbadala wake utapimwa mezani kabla haujagusa raki.